Ukingo wa bustani: kazi yake iko chini ya ardhi

Mvua ya masika inapoanza kunyesha jijini Nairobi, kuna vita vinavyozuka katika karibu kila ua lenye nyasi. Nyasi ulizozipanda kwa jasho lako, ukazinywesha maji ya kununua wakati wa kiangazi, hugeuka ghafla na kuanza kunyemelea maua, kisha sukumawiki, kisha njia ya kuingilia nyumbani. Miezi miwili ikipita, huwezi tena kutambua nyasi ziliishia wapi na tuta la maua lilianzia wapi.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua mawe au matofali na kuyapanga kandokando ya nyasi. Ua hupendeza kwa muda, wageni husifu, halafu nyasi hurudi pale pale zilipokuwa. Mwenye nyumba humlaumu fundi, naye fundi huilaumu mvua. Lawama zote hizo hazina msingi, kwa sababu ukingo wenyewe ndio usiokuwa na msingi.

Jumapili ya leo ningependa tuzungumzie jinsi ya kuchagua na kuweka ukingo wa nyasi. Nalo jambo kuu nitalitaja mapema, ili hata yule atakayeishia hapa aende na faida: sehemu ya ukingo inayofanya kazi ni ile iliyofukiwa ardhini. Ile inayoonekana juu ni pambo.

MJUE ADUI YAKO

Nyasi zinazopatikana katika nyua nyingi za Nairobi na nyanda za juu ni zile ziitwazo nyasi za Kikuyu. Asili yake ni papa hapa kwetu, katika milima na nyanda za juu za Afrika Mashariki. Kutoka huku zilipelekwa Australia, Afrika Kusini, Marekani na kwingineko kwa ajili ya malisho na viwanja, na huko zilinawiri kupita kiasi hata serikali ya Marekani ikaziweka katika orodha yake ya magugu hatari. Kwa hivyo usishangae zikikushinda wewe mwenye panga moja.

Nguvu ya nyasi hizi ni kwamba husafiri kwa njia mbili. Yako mashina yanayotambaa juu ya udongo, na yako mengine meupe, manene, yanayopenya chini kwa chini. Kila kifundo cha shina kinaweza kutoa mizizi na kuwa mche mpya. Mengi ya mashina hayo ya chini hupatikana katika sentimita 10 za kwanza za udongo, lakini udongo ukiwa laini huweza kuzama zaidi.

Sasa fikiria yale mawe yaliyopakwa chokaa ambayo tumezoea kuyaona katika shule, vituo vya polisi na afisi za machifu. Yanapendeza, tena yanamwonyesha mgeni njia usiku. Lakini jiwe lililokalia udongo bila kuzikwa halizuii chochote. Nyasi hupita chini yake, hupita kati yake na jiwe la pili, na mwishowe hulifunika kabisa. Ukitaka ukingo unaozuia, basi ni lazima ushuke angalau sentimita 15 ardhini, na ukifika 20 ni bora zaidi.

Wenzetu wa Mombasa na sehemu nyingine za Pwani wana nafuu kidogo. Huko wengi hupanda nyasi za Pemba, zenye majani mapana, ambazo mashina yake hutambaa juu ya ardhi. Kwao ukingo wa kina kifupi hutosha, mradi mtu asichoke kuyakata mashina yanayouvuka.

VIFAA NA TABIA ZAKE

Usiende dukani kabla ya kujiuliza maswali matatu. Je, hapa ni kwangu au nimepanga? Udongo wangu ni wa aina gani? Nyasi zangu zinakatwa kwa nini, mashine au fyekeo? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuchagulia kifaa, si picha uliyoiona mahali.

Njia ya kwanza haigharimu hata shilingi moja. Ni kuchimba mfereji mwembamba kati ya nyasi na tuta, wenye kina cha sentimita 15, ukuta wa upande wa nyasi ukiwa umesimama wima na ule wa upande wa maua ukilala mteremko. Shina la nyasi likitokeza katika mfereji huo huonekana upesi na kukatwa. Kasoro yake ni kwamba mfereji hujaa udongo na lazima uchongwe upya kila mwezi wakati wa mvua. Tena, mtu asiyetumia kamba humega nyasi kidogo kila anapouchonga, hata baada ya mwaka mmoja tuta likawa pana na uwanja wa watoto ukawa mwembamba. Hata hivyo, kwa mtu ambaye hajaamua bado, msimu mmoja wa mfereji humfundisha mengi kabla hajatumia pesa.

Njia ya pili ni matofali ya kuchoma. Haya yanafaa sana kwa ukingo uliopinda. Jihadhari na tofali ambalo halikuiva vizuri, kwani likikaa katika udongo wenye maji humomonyoka kama mkate uliotiwa katika chai. Kabla ya kulipa, yagonge mawili pamoja. Lililoiva hulia kama chuma, na lisiloiva hutoa sauti nzito ya kufa. Ukiwa na nafasi, lilaze moja ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi ulikwaruze kwa ukucha. Likitoa tope, mwachie mwenyewe.

Njia ya tatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayofaa ploti ndogo za mjini, ni jiwe la kukatwa kwa mashine, lile linalotoka katika machimbo ya Ndarugo, upande wa Juja. Mawe haya huuzwa kwa futi, na yako ya inchi 4 kwa 9. Ukilisimamisha jiwe hilo kwa ubavu wake mwembamba, unapata kina cha inchi 9, yaani takriban sentimita 23, na juu unabaki na utepe wa sentimita 10 ambao gurudumu la mashine ya kukatia nyasi linaweza kupita. Jiwe moja limefanya kazi mbili. Hapa pia chagua yaliyo magumu, kwani mawe laini hulika yakikaa mahali penye unyevu. Kasoro yake ni moja: halipindi. Ukitaka mzunguko, itabidi fundi alikate vipande vidogo kwa tindo na nyundo.

Njia ya nne ni zege la kumwaga papo hapo. Hushika vyema na halina viungo vingi vya kupenyewa. Lakini kwa wale wanaoishi katika udongo mweusi, kama vile Embakasi, Syokimau na Kitengela, zege linahitaji uangalifu. Udongo huo hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na zege lililomwagwa kwa mstari mmoja mrefu hupasuka pamoja nao. Wale wa udongo mwekundu, kama Karen na sehemu nyingi za Kiambu, hawana tatizo kubwa la namna hiyo.

Mbao na nguzo fupi za mkaratusi ni rahisi kupatikana, ila ardhini zina maadui wawili, mchwa na uozo. Wengine huzipaka oili chafu ya magari. Tafadhali usifanye hivyo karibu na mboga wala karibu na kisima, kwani oili hiyo huua mimea na huenda na maji. Nguzo zilizotiwa dawa kiwandani hudumu zaidi, lakini dawa hizo mara nyingi huwa na shaba, kromu na aseniki, ambayo ni sumu. Vipande vinavyobaki visitumiwe kuni za kupikia. Siku hizi ziko pia nguzo za plastiki taka iliyoyeyushwa na kutengenezwa upya, ambazo mchwa hawazili wala hazinyonyi maji.

Kuna vitu viwili ambavyo ningekushauri uviepuke kabisa katika ua wenye watoto. Cha kwanza ni chupa zilizopanduliwa na kuzikwa shingo chini. Hung'ara vizuri juani, lakini pigo moja la fyekeo huzigeuza kuwa wembe uliofichwa nyasini. Cha pili ni vipande vya mabati ya zamani ya asbesto, ambavyo watu wengine huviona kuwa ukingo wa bure baada ya kuezua nyumba. Vumbi la asbesto likivutwa huleta maradhi ya mapafu, pamoja na saratani, yanayoweza kujitokeza baada ya miaka mingi. Kitu hicho hakina bei nafuu.

HESABU KABLA YA KUMWITA FUNDI

Mzazi, mwite mtoto wako aliye shuleni na umwambie alete futikamba. Hesabu ya mzingo aliyofundishwa darasani ina kazi leo.

Tuseme uwanja wako wa nyasi una urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Mzingo wake ni mita 20. Kwa mawe ya Ndarugo hizo ni takriban futi 66, na ukiongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya yale yatakayovunjika, nunua futi 73.

Kwa matofali, hapa ndipo watu hutapeliwa au hujitapeli wenyewe. Chukua tofali lenye urefu wa sentimita 23, upana wa 11 na kimo cha 7.5. Yakilazwa moja nyuma ya jingine, mita 20 zinahitaji matofali 87. Yakisimamishwa wima, huku ule upana wa sentimita 11 ukifuata mstari, yanahitajika 182, na pamoja na ya akiba ni kama 200. Fundi atakayekuletea hesabu ya 87 ataonekana kuwa mtu mwenye huruma. Lakini tofali lililolazwa lina kina cha sentimita 7.5 tu, na nyasi za Kikuyu zitapita chini yake kabla ya mvua ya vuli. Utakuwa umenunua 87 za bure, halafu ununue 200. Ndiyo maana wahenga walituambia kwamba rahisi huvunja upishi.

Kwa zege lenye upana wa sentimita 10 na kina cha 20, mita hizo hizo zitakula takriban mifuko 3 ya saruji ya kilo 50, kwa mchanganyiko wa ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto.

Usisahau kuondoa katika hesabu yako upande unaopakana na ukuta wa nyumba au njia ya saruji, kwa maana huko ukingo upo tayari.

HATUA KWA HATUA

Wakati mzuri wa kufanya kazi hii ni baada ya mvua mbili tatu za kwanza. Ardhi huwa imelainika, lakini bado haijawa tope. Kuchimba udongo mweusi mwezi wa Februari ni kuyatesa majembe.

Kwanza, uliza mabomba yako yanapita wapi. Katika mitaa mingi bomba la kutoka kwenye mita ya maji hadi nyumbani limezikwa kina kifupi, na sururu moja inaweza kuiacha familia bila maji mwisho wa wiki mzima. Waya wa umeme uliozikwa ni hatari zaidi. Mahali unapoushuku, mwite mtu anayeujua kabla ya kuchimba.

Pili, safisha upande wa maua. Tumia jembe la meno na ung'oe kila shina jeupe la nyasi utakaloliona, hata kama ni lenye urefu wa kidole. Wengi huiruka hatua hii. Hujenga ukingo imara kabisa, kumbe adui wamemfungia ndani, pamoja na maua. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tatu, piga vigingi na ufunge kamba. Kwa mistari iliyopinda, laza mpira wa maji juu ya nyasi, usogeze hadi uridhike, kisha uufuatishe kwa majivu au chokaa. Usifanye kona za ghafla ambazo mashine haiwezi kuzigeuka.

Nne, chimba mtaro. Kwa jiwe la inchi 9 au tofali lililosimama, chimba sentimita 25. Upana uwe ule wa jiwe na nafasi ya vidole vitatu hivi. Shindilia chini, utandaze mchanga wa sentimita 3, kisha upange mawe ukitumia pima maji na nyundo ya mpira. Uso wa juu uinuke sentimita 1 tu kutoka kwenye udongo wa nyasi. Si zaidi. Jiwe linalochomoza hugongwa na fyekeo, na kipande chake kinaweza kuruka hadi kwenye kioo cha dirisha au, Mungu apishe mbali, jicho la mtoto.

Tano, jaza viungo kwa mchanganyiko wa saruji 1 na mchanga 4. Kiungo kilichoachwa wazi ni mlango. Walio katika udongo mweusi waache kiungo kimoja bila saruji kila baada ya mita 2 hivi, ili ukingo uweze kucheza udongo unapofura. Nyuma ya kiungo hicho, upande wa maua, wasimamishe kipande cha nailoni nzito, ile inayotandazwa chini ya sakafu ya nyumba. Kwa zege, weka mkato kila baada ya mita 1, na ulimwagilie maji kwa siku 7 likiwa limefunikwa na magunia.

Sita, rudisha udongo pande zote mbili na kuushindilia kwa miguu. Umwagie maji, ngoja ushuke, kisha uongeze tena.

MAJI YAPITE WAPI?

Ukingo ni ukuta mdogo, na ukuta huzuia maji. Iwapo ua wako unateremka kuelekea nyumbani, au tuta la maua liko juu ya nyasi, fikiria maji ya mvua kubwa yatapita wapi. Waliokuwa Nairobi wakati wa mafuriko ya Aprili 2024 hawahitaji kukumbushwa kwamba maji hayaombi ruhusa. Ukingo uliolingana na udongo hauna tatizo, kwani maji hupita juu yake. Ule ulioinuliwa uachiwe matundu ya upana wa vidole viwili kila baada ya mita 2, upande wa chini wa mteremko. Mvua ya kwanza ikinyesha, chukua mwavuli utoke uangalie. Dimbwi likijikusanya karibu na ukuta wa nyumba, fungua njia mara moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa usipoacha tundu utaujenga pia.

KWA MPANGAJI

Msomaji anayeishi katika nyumba ya kupanga asikate tamaa. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kuchimba, na mkikubaliana, muandikiane hata kwa mistari miwili. Kisha tumia matofali yaliyosimamishwa bila saruji, na kuta zake zibanwe kwa udongo ulioshindiliwa. Nyasi zitapenya katika viungo polepole, lakini utazikata, na siku ya kuhama unayang'oa matofali yako na kwenda nayo. Wanafunzi mnaokuja nyumbani likizo ya Aprili, hii ni kazi ya siku mbili kwa vijana wawili, na inaweza kumwondolea mzazi gharama ya fundi.

UKINGO HAUJITUNZI

Mwisho, nisikudanganye. Hakuna ukingo unaozikomesha nyasi za Kikuyu kabisa. Zikizuiwa chini, zitajaribu juu. Ila sasa utaziona zikivuka, na hiyo ndiyo faida uliyoilipia. Wakati wa mvua, pitisha panga au mkasi kando ya ukingo kila baada ya wiki mbili. Wakati wa kiangazi na baridi ya Julai, mara moja kwa mwezi inatosha.

Mashina unayoyakata usiyatupe katika shimo la mboji yakiwa mabichi, kwani kila kifundo kitaota na utakuja kuyarudisha kwenye maua kwa mkono wako mwenyewe. Yaanike juu ya saruji hadi yakatike kwa kuvunjwa, au umpelekee jirani mwenye sungura. Sungura hawatakuwa na malalamiko.

Familia ikifanya hivyo, ua mdogo wa mita chache utawatosha wote. Watoto watakuwa na mahali pa kuchezea mpira, mama au baba atakuwa na mawaridi yake, na sukumawiki zitakunywa maji yake bila kunyang'anywa. Kila mmoja na sehemu yake, na mpaka unaojulikana.

Jumapili ijayo, majaliwa, tutatazama jinsi ya kukinga maji ya mvua kutoka kwenye paa na kuyatumia bustanini. Hadi wakati huo, chukua sepetu, uchimbe hatua moja kando ya nyasi zako, utazame mashina meupe yamefika wapi. Huenda ukashangaa.